Kadi Zenye Amerika Mgongoni

Maktaba ya Ushirika, Mirongo
Jumapili, alasiri

Mwanangu Koku,

Watu wakiandikiana barua huanza kwa kuulizana hali, lakini hali yako naijua. Nimekuacha uani muda si mrefu umenuna, umekalia sanduku lako la safari kana kwamba ndani yake mna kuku anayetaka kutoroka. Hali yangu nayo unaijua. Nilimwambia mama yako natoka kidogo kwenda kuangalia kama dirisha la maktaba limefungwa. Limefungwa. Tangu nifike nimeliangalia mara nyingi, na kila mara nalikuta limefungwa vilevile.

Mambo ya sweta, ya dawa za malaria, ya kutopokea chakula cha mtu usiyemjua ndani ya treni, mama yako ameyasema yote na kesho ataanza upya. Mimi siyagusi. Nimekuja hapa kujibu lile swali lako.

Ulisema mbele ya mama yako, na mbele ya Masanja, mfagizi wetu wa maktaba, ambaye hakualikwa chakula lakini kama kawaida yake alikuwapo: "Baba, tangu Bi. Helen aondoke sijakusikia hata siku moja ukiniambia niende. Unaniambia habari za theluji. Unaniambia habari za watu walioteleza wakavunjika kiuno. Ukisema nibaki, nitabaki. Ukisema niende, nitaenda. Ila treni ya kesho siipandi mpaka nikusikie, na useme kwa moyo mweupe."

Nami, mkutubi wa miaka yote hii, mtu ninayeombwa kusoma risala kwenye harusi za watu, nikakujibu: "Nasikia upepo wa kule mwezi huu si mchezo."

Masanja akacheka mpaka chai ikamtoka puani. Mama yako hakucheka. Wewe ukainuka ukaanza kutoa nguo sandukuni, moja moja, ukazirudisha kwenye kamba kama vile zimetoka kufuliwa. Hapo ndipo nilipokumbuka dirisha.

Basi nikujibu, lakini niruhusu nizunguke. Unanijua, mimi hata mtu akiniuliza choo kiko wapi naanza na historia ya jengo.

Yote yalianza na yale maboksi. Ulikuwa bado uko bweni, kwa hiyo hukuona tulivyokuwa tumefikia. Enzi zile pamba yote ya kanda hii ilipokuwa ikipitia ushirika, maktaba hii ilikuwa mtoto wa mwenye nyumba. Kila mwaka tulinunuliwa vitabu vipya vyenye harufu ya gundi. Kisha soko likawa huria, wanunuzi binafsi wakaingia vijijini na mizani zao, ushirika ukakonda, na sisi tukakonda nao. Vilianza kukatika vitabu, yakafuata magazeti, ukafuata utepe wa taipureta. Mwisho tukakosa hata kadi. Na maktaba bila kadi ni nini? Kitabu kisicho na kadi yake kwenye droo, inayotaja jina lake na mwandishi wake na shelfu kinapolala, ni kama mgeni aliyefika Buzuruga stendi na hakuna aliyekuja kumpokea. Yupo, lakini nani anajua? Nikawa nakata maboksi ya sabuni kwa mkasi wa mama yako. Ndiyo, ule mkasi uliobutuka, mkasi aliomsingizia shangazi yako. Mwache aendelee kumsingizia.

Ndipo rafiki zetu wa kanisa wakatuletea Bi. Helen kutoka Amerika, mkutubi mstaafu, mwanamke mrefu mwenye viatu vya kiume na Kiswahili cha kusoma kwenye kitabu. Salamu yake ya kwanza kwangu ilikuwa "Shikamoo," na mimi kwa kiherehere nikaitikia marahaba, kumbe ananizidi umri kwa mbali. Alikuja na maboksi. Tulipofungua la kwanza nilishika ukingo wa meza. Kadi, Koku! Kadi nene, zimenyooka pande zote, zina kitundu kwa chini cha kupitishia ule ufito wa droo. Zilikuwa nyingi kuliko vitabu vyote nilivyowahi kuvishika. Upande mmoja zimeandikwa habari za vitabu vya kwao. Upande wa pili ni nyeupe, safi, hazijaguswa.

Nikamuuliza zimetoka wapi.

"Zilitupwa," akasema. "Maktaba yetu sasa ni kompyuta. Msomaji anabonyeza jina, anaona kitabu. Hizi watu wanaandikia nyuma vitu vya kununua sokoni. Mayai, maziwa."

Nikamwomba arudie. Akarudia. Mayai, maziwa.

"Na makabati yenyewe?"

"Makabati tuliuza. Watu wanaweka chupa za mvinyo." Kisha akacheka peke yake. "Siku ya kuyaondoa tulikata keki. Wengine walilia. Mimi pia nililia, halafu nikala keki."

Nikutajie saa wivu uliponiingia? Ni hiyo. Sikuonea wivu kompyuta, maana kompyuta sikuwa nimeiona isipokuwa ile ya benki iliyofunikwa kitambaa. Nilimwonea wivu mtu anayeweza kulilia kadi na wakati huohuo akawa anazitupa. Sisi huku cha kutupa hatuna, kwa hiyo hata kulia tunalia kwa kubana.

Ulipomaliza kidato cha sita ukaja kunisaidia, na hiyo sehemu unaijua. Tulikuwa tunapiga taipureta kwenye upande mweupe. Kilimo cha pamba. Ufugaji wa nyuki. Magonjwa ya ng'ombe. Wewe ulikuwa unapiga haraka unaweka pembeni. Mimi nilikuwa nazigeuza. Ulikuwa unaniambia, "Baba, mbona umesimama?" nami nakwambia nasafisha miwani. Nilikuwa nasoma migongo. Kadi yetu ya magonjwa ya ng'ombe mgongoni ilikuwa na kitabu cha kumfundisha paka adabu. Kitabu kizima! Kuna mtu aliketi akakiandika, kuna maktaba ikakinunua, na kadi inasema ilinunua nakala mbili, pengine kwa kuhofia wenye paka watagombana. Kadi ya nyuki ilikuwa na historia ya vifungo vya nguo. Nyingine ilikuwa na ramani za mto ambao sijawahi kuusikia, na kitabu cha kujengea watoto nyumba juu ya mti, na kitabu cha barua za mkulima mmoja aliyekuwa akigombana na jirani yake kuhusu ua. Kile cha ua nilikitaka kuliko vyote. Mpaka leo sijui nani alishinda.

Nilimwambia Masanja siku moja: "Unajua hizi kadi ni nini? Ni mapanki."

Unajua kule Nyakato: sangara anavuliwa hapa ziwani kwetu, minofu inapakiwa kwenye ndege inakwenda kuliwa na watu wengine, na kinachotoka nyuma ya kiwanda kuja kwetu ni hayo mapanki, kichwa na mfupa wa mgongo. Tunakaanga, tunakula, tunashukuru. Sasa na vitabu vimekuwa hivyo hivyo. Nyama iko Amerika, sisi tumeletewa mfupa wenye jina la samaki.

Masanja akasema, "Lakini bosi, panki lina supu nzuri."

Nikamwambia afagie.

Naye kwa kulipiza, sijui kwa kulipiza au kwa usingizi wa baada ya ugali, akaenda akazipanga kadi za droo nzima zikiwa zimegeuka, Amerika mbele, Mwanza nyuma. Hayo hukuyaona yalivyoanza kwa sababu ulikuwa Bukoba kwa bibi yako, na mimi nilikusimulia nusu tu. Leo pokea nusu ya pili.

Aliingia Fundi Sospeter, yule wa mitambo ya barafu kwenye kiwanda cha minofu. Akavuta droo, akapekua, mara akapiga kelele mpaka wasomaji wakageuka. "Mkutubi, mnacho!" Ilikuwa kadi ya kitabu cha kutengeneza mashine za kugandishia, chenye michoro. Mashine yao moja ilikuwa inawasumbua, na mhandisi aliyeileta alikuwa amekwisharudi kwao. Kama ningekuwa mtu mwenye akili timamu ningesema, "Samahani, fundi, hiyo kadi imegeuka, kitabu hicho hatuna." Maneno machache tu. Lakini unatujua sisi watu wa Bukoba. Mhaya aseme hatuna? Mbele ya watu? Nilichukua kikaratasi alichoandikia jina la kitabu, nikaenda nyuma ya shelfu, nikasimama huko kwa heshima kabisa kama mtu anayetafuta, nikarudi.

"Kimeazimwa."

"Na nani?"

"Hiyo ni siri ya msomaji. Ndiyo sheria ya kazi yetu."

Akaniheshimu sana kwa sheria hiyo. Akarudi wiki iliyofuata. Bado kimeazimwa. Akarudi tena. Nikamwambia msomaji ameomba aongezewe muda. Mara ya mwisho akaniinamia, akaninong'oneza: "Mkutubi, huyu ndugu anasoma polepole hivi, au ni mgonjwa? Niambie ni nani basi, tukamjulie hali." Nikamwambia anaendelea vizuri.

Ni wewe uliyerudi ukaikuta droo imegeuka, ukacheka, kisha ukaacha kucheka uliposikia habari za fundi. Hukunigombeza. Ulinitazama tu kama mama yako anavyolitazama lile paa linalovuja, ukaenda kwa Bi. Helen. Na yule mama hakunisema hata kidogo. Alikwenda posta na wewe, mkapeleka faksi kwa maktaba yake ya zamani. Kule, akanieleza, kompyuta za maktaba zimeunganishwa. Mkutubi wa kijiji anaketi mezani kwake, anauliza kitabu, naye anaona ni maktaba gani zinacho, hata zilizo mbali kama hapa na Kongo, na anaweza kukiagiza kiletwe kwa msomaji wake, na msomaji akimaliza kinarudishwa kwao. Kukitafuta kile cha barafu hakukuwachukua hata muda wa mimi kunywa kikombe cha chai. Maktaba moja ilikuwa na nakala ya ziada, ikaona nakala moja inaweza ikaja kuishi Mwanza. Kikaja kwa ndege.

Ulikipeleka mwenyewe Nyakato. Niliambiwa Fundi Sospeter alikushika mkono kwa mikono yake miwili, akawaita wenzake. Aliponikuta barabarani akaniambia, "Mkutubi, yule binti yako ni mkutubi!" Akaenda zake. Nilibaki nimesimama nikiitafuta sehemu yangu katika sentensi ile.

Na kitabu chenyewe nilipokiona kwa mara ya kwanza, unakumbuka nilisema nini? "Jalada limechakaa kidogo."

Tangu siku ile wewe na Bi. Helen mkawa chungu na kifuniko. Nilikuwa nawaona pale dirishani, amechora kioo cha kompyuta kwenye karatasi, na wewe unakibonyeza kwa kidole kama kweli. Anakwambia habari za mistari myeusi inayobandikwa kwenye vitabu, mkutubi anapitisha taa nyekundu juu yake, mashine inalia, kitabu kimeazimwa. Mlango unaopiga kelele mtu akitoka na kitabu kwa siri. Chumba cha watoto chenye zulia, watu wazima wanakaa chini kuwasomea. Vitabu vilivyosomwa kwenye kanda kwa ajili ya vipofu. Mzee asiye na nyumba anaingia kuota joto, anasoma gazeti mpaka jioni, na hafukuzwi. Alikwambia pia mabaya: kwamba hata kwao serikali ya mji imewapunguzia fedha, kwamba siku nyingine wanafunga mapema, kwamba wakutubi wengine walikataa kompyuta mpaka wakastaafu kwa hasira. Mabaya hayo niliyasikiliza kwa makini sana. Mema nilijifanya nahesabu kadi.

Kisha akaanza kuniuliza maswali. "Baridi ya kwetu ni kali, mtu wa Mwanza ataweza?" Nikamjibu ataweza, Bukoba kuna baridi ya mvua. "Mama Koku ataweza kuachwa?" Nikamjibu Mama Koku ni mwanamke imara. Sasa wewe nihukumu. Mwanamume aliyeulizwa kama mkewe ataweza kuachwa, atafikiri anayeondoka ni nani?

Ndiyo maana ya lile koti. Mlidhani nimelinunua mnadani kwa sababu lilikuwa zuri. Koku, koti lile si zuri kwa mtu yeyote. Lina manyoya ndani, na ukilivaa hapa Mwanza unaiva kama ndizi kwenye jani. Nilikuwa nalivaa maktaba ikiishafungwa, natembea kati ya shelfu nikijizoeza. Masanja alinikuta. "Bosi, una homa?" Ikabidi nimwambie. Kumwambia Masanja ni sawa na kumpa tangazo mtu wa redio. Jumapili iliyofuata kwaya ikaniombea safari njema, na mimi nikainamisha kichwa nikapokea. Wewe ulikuwa umekaa na sauti ya pili, ukanitazama kwa mshangao, nikakukonyeza.

Halafu kile chakula cha kumuaga Bi. Helen nyumbani kwetu. Mama yako alipika ndizi na sato, akatoa na zile kahawa za kutafuna ambazo huwa anazificha kwa ajili ya maaskofu. Bi. Helen akasimama. Akasema chuo cha ukutubi cha mji wake kimekubali kumpokea mtu mmoja kutoka hapa, atasoma na atafanya kazi maktabani, na atakaa nyumbani kwake. Akanyamaza apumue. Kupumua tu! Na mimi nikasimama. Nikafunga kifungo cha shati. Nikaanza, kwa Kiingereza, kushukuru kwa heshima niliyopewa nikiwa katika umri huu, na kuahidi kuiwakilisha nchi. Nilikuwa nimefika kwenye kuiwakilisha nchi ulipoanza kunivuta mkono wa shati. Nilifikiri una aibu ya Kiingereza changu. Nikaendelea. Ndipo nikamwona Bi. Helen, uso mzima umekuwa mwekundu kama zile ndizi za kwetu, na mama yako amejifunika mdomo kwa kanga.

Najivunia kitu kimoja siku ile, kwamba sikuanguka. Nilisema, "Na heshima hiyo, kama baba, naipokea kwa niaba ya binti yangu." Masanja akapiga makofi peke yake. Akaniambia baadaye jikoni, "Bosi, ulipiga kona kali pale, hata dereva wa basi la Musoma angepinduka."

Watu walicheka wiki nzima na mimi nikacheka nao. Mimi ni mtu wa kucheka, ndiyo sifa yangu mjini. Kilichobaki baada ya kicheko hukukiona, au ulikiona ukaninyamazia. Nilianza kukupa kazi. "Koku, droo ya M irudiwe yote." Ulipoirudia nikaona herufi zimekaa chini mno, nikakurudisha. Fomu zako za pasi nilizikalia, nikasema nazisoma vizuri. Mgeni akija nyumbani kukupongeza namwambia, "Aa, ni kozi tu, atarudi." Na baridi, na theluji, na habari ya mtu aliyekufa kwenye ghorofa yake jirani wasijue. Hiyo ya mwisho niliitunga. Nisamehe, nilikuwa na upungufu wa habari za kweli.

Na wewe ulifanya nini? Hapa ndipo penye kuuma. Wewe ulianza kunipunguzia Amerika. Nikiingia mnanyamaza, wewe na mama yako, na zile picha za maktaba alizokuachia Bi. Helen zinaingia chini ya godoro. Juzi ukaniambia, "Labda hizo kompyuta zenyewe zinaharibika kila siku, Baba." Jana: "Labda vitabu vyao vingi ni vya paka tu." Unaikata vipande vidogo vidogo, kama tulivyokuwa tunakukatia nyama ulipokuwa mdogo, ili baba asikabwe. Mtoto anayesafiri anapaswa kupiga kelele nyumba nzima. Wewe unafunga sanduku lako kama mtu anayefunga la marehemu. Nimekufanya ufiche furaha yako katika nyumba yako mwenyewe, na hilo, kati ya makosa yote niliyokuandikia humu, ndilo nisiloweza kulichekea.

Ngoja nikwambie ninachotamani, maana hata mama yako sijamwambia, na usimwambie.

Maktaba hii naijua yote. Unaweza kunifunga kitambaa machoni ukaniuliza kitabu cha tano kutoka kushoto, shelfu ya chini, nikakitaja, na nikakwambia ukurasa uliochanika. Watu wanadhani hiyo ni sifa. Masanja huwa anawatambia wageni kwa ajili yangu. Lakini fikiria mtu anayekula chakula anachokipika mwenyewe kila siku ya maisha yake. Sijawahi, hata siku moja, kuingia katika maktaba nisijue kilichomo. Sijawahi kupita kati ya mashelfu nikakutana na kitabu nisichokitarajia kikanishika shati. Wasomaji wangu wamekipata kitu hicho hapahapa, nimewaona nyuso zao, na mimi ndiye niliyewapa. Kesho kutwa, au hiyo siku utakayofika, utasukuma mlango wa jengo ambalo hata anayelitunza hawezi kuliweka lote kichwani mwake. Utapotea humo ndani. Ninauonea wivu mlango huo, Koku. Ninaionea wivu miguu yako itakayopita pale.

Nilichojifunza ni kidogo, na nimekilipia kwa aibu, kwa hiyo kichukue bure. Msomaji akikuuliza kitabu ambacho huna, mwambie huna, palepale, kabla hujapata muda wa kupendeza. Atahuzunika kidogo kisha mtatafuta pamoja. Mimi nilimnyima Fundi Sospeter huko kutafuta pamoja, nikampa mgonjwa wa kumwombea. Na wakikuonyesha mashine usiyoijua, usiseme "aa, hata kwetu." Sisi wa Bukoba tuna ugonjwa huo. Sema hujui, wakuonyeshe tena. Na Bi. Helen mheshimu kama mama, lakini ukimwita mama kwenye barua, ukurasa huo usiutume nyumbani, huyu wa huku naye ana moyo. Unaona? Wivu si wangu peke yangu, tunakula chungu kimoja.

Sasa swali lako.

Ulitaka niseme kwa moyo mweupe. Nimekaa hapa tangu alasiri nikiutafuta, kama nilivyosimama nyuma ya shelfu siku ile nikitafuta kitabu cha barafu. Ningeweza kurudi nyumbani nikakwambia ninao. Ningesema vizuri sana, mama yako angelia, na wewe ungejua ni uongo, ungepanda treni na uongo huo ukakaa nao siku zote za safari. Basi nakwambia: moyo mweupe hatuna. Nilio nao ndio huu, una madoa, unakuonea wivu leo na utakuonea kesho stesheni nitakapokuwa nimeshika upande mmoja wa sanduku. Lakini huo huo ndio unaokwambia uende. Nimejaribu kuugeuza useme ubaki, kwa majuma yote haya, na haukukubali hata mara moja. Moyo huo ulijua kutania tu.

Nenda, Koku.

Nitafunga maktaba sasa, nije nyumbani nikuambie kwa mdomo, kwa sababu ulisema unataka kusikia. Masanja akiwepo na asikie. Nikishasema, nitakaa chini ninyamaze. Nguo zako nitazitoa kwenye kamba mwenyewe, usinikataze. Barua hii nitakupa stesheni, uisome ukiishapita Shinyanga, ili usinione usoni.

Ninakuomba kitu kimoja, nacho si sweta wala sala. Usinipunguzie tena. Ukikuta jengo lina ghorofa sita, usiniandikie lina ghorofa kidogo. Ukikuta kompyuta haziharibiki, niambie haziharibiki, zinavyong'aa, zilivyo nyingi. Ukipata kile kitabu cha mkulima na jirani yake, nisomee kwa barua, sura kwa sura, wala usiniambie mapema nani alishinda. Ukifurahi, andika furaha yenyewe kwa ukubwa wake, na chini yake usiongeze kwamba hata Mwanza si pabaya. Nitaisoma hapa mezani. Nitaona wivu mpaka Masanja aniulize kama naumwa. Kisha nitaikunja, nitachukua karatasi, nitakuandikia uniletee nyingine iliyo kubwa kuliko hiyo.

Ni mimi baba yako, ninayekuja sasa hivi.